Kabla Familia Haijafika

Oudtshoorn
9 Februari 2003

Dada Ivor,

Salamu kutoka huku kwenye jua na mbuni. Natumai mgongo wako umetulia na bado unawatukana majirani, maana siku ukiacha nitajua u mgonjwa. Mimi nipo. Tangu kile kiharusi mdomo umenyooka kiasi. Mguu wa kulia bado naukokota kama mtoto asiyetaka shule. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo usicheke. Au cheka, lakini soma.

Dada yangu Lena ananitunza vizuri. Uji saa moja, sala saa mbili, dawa saa tatu, kisha sala tena ili dawa ishuke. Kwa watu wa kanisa lake mimi ni Mjomba Cyril, kapera aliyechelewa. Wameshanitafutia mjane mmoja mwenye meno yake yote. Nimewaambia ninaomba kwanza nipone.

Sasa ombi langu. Ufunguo wa nyumba yangu unao wewe. Nenda Woodstock, ingia chumbani, chukua ile picha ya dansi ya mwaka sitini na nane, ile ya fremu nyeusi, na lile kopo la biskuti lililo chini ya kitanda. Vifunge vizuri unitumie kwa posta. Ila macho yangu siku hizi yanaona kila herufi mbili mbili, kwa hiyo barua zikija Lena ndiye anayenisomea. Henry usimtaje kwa jina. Mwite mpangaji, kama zamani.

Nitakwambia kwa nini naharakisha. Sauti yake naikumbuka. Mikono yake naikumbuka hadi kovu la pasi. Uso ndio unaondoka. Kila asubuhi umefifia zaidi, kama maandishi ya chaki yaliyopitiwa na mkono. Nikiuona mara moja tu, najua utarudi.

Mdogo wako,
Cyril


Salt River
20 Februari 2003

Cyril mdogo wangu, wifi wa mbuni,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa miwani. Mimi ni mzima, ukiondoa mgongo, magoti, kifua na tabia. Nawe natumai Mungu anakupunguzia maumivu na kukuongezea ujeuri. Msalimie dada Lena. Mwambie naheshimu uji wake kwa mbali.

Habari za huku. Kikundi cha Jumatano kimebaki watu watatu na nusu, nusu ni Wilfred, ambaye akishashika sindano analala. Tunashona shanga kwenye makoti ya bendi za Mwaka Mpya kama kawaida, na kama kawaida nahodha wa bendi anataka rangi ya zambarau na dhahabu, kama vile amri hiyo imo kwenye Biblia. Upepo wa kusini mashariki umeng'oa bati la jirani. Nilimpa pole kwa sauti na nikafurahi kimoyomoyo.

Mjane wa meno, mkubali. Utapata mtu wa kukutafunia nyama.

Kuhusu ulichoagiza: nyumba yako ipo, kila kitu mahali pake, hata panya hajagusa. Mti wako wa chungwa naumwagilia. Lakini ile fremu ni nzito na kioo chake ni cha zamani, posta watakivunja. Ngoja nipate mtu anayesafiri kuja huko. Kopo nalo ni hivyo hivyo. Usiwe na haraka, picha haizeeki, sisi ndio tunaozeeka.

Kula, lala, dai asali kwenye uji.

Dada yako mkubwa,
Ivor


Oudtshoorn
15 Machi 2003

Dada Ivor,

Salamu. Hali yangu ni ile ile, na yako natumai ni bora kuliko akili yako. Itoe picha kwenye fremu, mama. Picha bila fremu inaingia kwenye bahasha. Hata wewe uliyeishia darasa la nne unalijua hilo.

Juzi Lena aliniuliza ghafla, tukila, "Yule mpangaji wako, alikuwa anapenda kula nini?" Kijiko kikaniponyoka. Nikasema sijui, alikuwa mtu wa kimya. Mtu wa kimya, Henry, aliyekuwa anaimba chooni hadi majirani wanapiga ukuta. Lena akaokota kijiko.

Miaka thelathini na moja ya Henry na mimi, Ivor. Siku ya kumzika nilikaa benchi la tano, mimi mwenye nyumba, nikampa mkono kaka yake nikasema, "Alikuwa mpangaji mwema." Wewe ulikuwa nyuma yangu ukikohoa ili watu wasinisikie nikilia. Sasa katika dunia nzima umebaki wewe tu unayejua kilichokuwemo ndani ya ile nyumba. Wewe na hiyo picha. Na mimi najisahau.

Uso umebaki nyusi na sikio moja. Tuma.

Mdogo wako,
Cyril


Salt River
27 Aprili 2003

Cyril mdogo wangu,

Salamu, na hali yako naijua. Yangu utaijua ukifika mwisho.

Dada Lena, kama unamsomea hii, kaa kwanza. Wewe unayajua haya tayari. Ulinipa nafasi niseme mwenyewe, na miezi minne yote nimeimaliza kwa mzaha.

Cyril, picha sina. Kopo sina. Nyumba yako niliifagia.

Neno hilo tulilitunga pamoja, kwenye meza yangu, baada ya Gertie, mmoja wetu, kufa na mama yake kukuta gauni na barua, akamzika bila kuandika jina juu ya kaburi. Tuliapa nini? Kila mmoja ampe mwenzake ufunguo, na siku ya kifo mwenye ufunguo aingie kabla familia haijafika. Gauni, wigi, picha, barua, vyote viingie kwenye pipa. Hakuna kuhifadhi, kinachohifadhiwa hukutwa. Najua miaka imepita, na serikali imeshaandika kwenye katiba kwamba sisi nasi ni watu. Lakini serikali haiji mazishini. Shangazi ndio wanaokuja.

Siku ya tatu tangu ulipoanguka kwenye foleni ya mkate nilikuja wodini na koeksista zangu, yale maandazi ya sharubati ya Jumapili, ndani ya kitambaa. Kitanda chako kilikuwa kitupu. Shuka limetolewa, godoro limekunjwa, kadi yenye jina lako haipo. Nikamuuliza nesi. Akaniuliza, "Wewe ni ndugu yake?"

Maisha yangu yote nimedanganya hospitalini. Kwa rafiki yetu Toffie nilikuwa kaka. Kwa Neels nilikuwa binamu, ingawa Neels alikuwa mrefu kama nguzo ya simu na mimi ni kopo la rangi. Siku hiyo nilikuwa nimepanda ngazi za ghorofa ya kwanza, miguu inawaka, uongo ukakataa kutoka. Nikasema, "Hapana, mimi ni rafiki yake."

Akafunga daftari. "Basi siwezi kukwambia kitu, baba. Tunazungumza na familia tu. Dada yake yuko njiani."

Wewe ungeelewaje? Sentensi hiyo nimeambiwa mara nne, kila uongo wangu uliposhindikana, na mara zote nne mtu alikuwa ameshafunikwa uso. Kumbe walikuwa wamekupandisha wodi ya juu asubuhi ile. Ningesema mimi ni kaka yako angeninyooshea kidole tu, "Ghorofa ya pili, kushoto." Lakini nilikuwa nimesema kweli, na kweli haina ghorofa ya pili.

Nikawaza basi la Lena limeshapita Worcester. Nikakimbia, kama tunaita ule mwendo kukimbia. Koeksista niliziacha juu ya godoro.

Nilifanya kazi nzuri, na hilo nikwambie. Gauni lako la kijani. Wigi zote mbili. Viatu vya fedha vilichelewa kushika moto. Kopo nililifungua, nikatia barua bila kusoma hata moja, na wewe unaujua umbeya wangu, kwa hiyo pima jinsi nilivyokuheshimu. Picha za baharini. Ile ya dansi nikaitoa kwenye fremu kwanza, kwa sababu fremu ilikuwa nzuri. Henry alikuwa anacheka. Nikamwambia samahani, shoga, ni kazi.

Pipa lilikuwa bado linatoa moshi uani geti liliposukumwa. Mwanamke mwenye mkoba na kofia ya kanisa.

"Wewe ndiye Ivor," akasema.

Nikavua kofia. "Ndiyo, Bi. Pole sana na msiba."

"Msiba gani? Natoka kwake sasa hivi. Mdomo umekwenda upande lakini anaongea. Manesi wanasema tangu asubuhi anaita Henry, Henry. Nimekuja kumchukulia pajama na picha ya Henry."

Nikaanza, "Yule mpangaji wake..."

"Bwana Ivor, mwaka sabini na moja nililala nyumba hii wiki nzima. Kitanda cha mpangaji kilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Mimi si mjinga. Nilikuwa nangoja kuambiwa." Kisha akaangalia pipa. "Unachoma nini?"

Nikasogea mbele ya pipa. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, mkoba mapajani, akiutazama moshi. Mwishowe akasema, "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

Nimekwambia. Fremu ninayo.

Dada yako,
Ivor


Salt River
30 Juni 2003

Cyril mdogo wangu,

Salamu kwa mara ya tatu bila jibu. Postamani wangu ameanza kunionea huruma, jana aliniletea tangazo la mazulia ili nisibaki mikono mitupu. Natumai u hai. Nilimpigia Lena simu kutoka kwa Wilfred, akasema unakula, kisha akakata. Basi nashukuru unakula.

Sikukaa bure. Nilijiambia, dansi ile tulipiga picha watu watano: wewe, Henry, Toffie, Neels na mimi, na zilitoka nakala nne. Nikaanza kutafuta. Ya Toffie nilikumbuka iko wapi: niliichoma mwenyewe, mwaka themanini na nane. Ya Neels niliichoma mwenyewe, mwaka tisini na mbili, na nikamlaumu kwa kuichafua kwa chai. Mpiga picha alikuwa mtaa wa Distrikti Sita, na Distrikti Sita unajua, makaburu walipoibomoa tingatinga liliondoka na filamu zake na makabati yake. Kwa hiyo picha moja nimeichoma mara tatu. Wote mlikuwa mnasema Ivor ndiye mfagiaji hodari kuliko wote. Mnaona sasa.

Imebaki yangu. Usifurahi bado. Mwaka ule wigi langu lilikuwa limekaa upande, nilifanana na mbwa aliyenyeshewa, nikashika mkasi nikakata kichwa changu nikakitupa. Henry alikuwa ameniegemezea shavu, mnafiki, ili akutie wivu. Kichwa chake kiliondoka na changu. Naiweka ndani ya bahasha hii. Upo wewe mzima, mrembo, na gauni la kijani. Upo mkono wa Henry begani kwako. Kovu la pasi linaonekana ukiisogeza dirishani.

Jingine ni dogo. Daktari amepiga picha ya kifua changu, picha nyingine hiyo isiyopendeza, akasema kuna kitu kwenye pafu la kushoto na tumekiona kwa kuchelewa. Ufunguo wangu unao wewe tangu mwaka themanini. Wilfred hawezi, atalala katikati ya kazi. Mpwa wangu Randall, yule shemasi wa Bellville, ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na unajua mahubiri yake. Sitaki anikute. Sina haki ya kuomba. Naomba.

Dada yako,
Ivor


Oudtshoorn
11 Septemba 2003

Ivor,

Hali yako sikuulizi.

Mkono umefika.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa sijui nianze kukuchukia kutoka upande gani. Kuchoma, ningeweza kukusamehe. Ningekuwa mimi ningechoma vile vile, tena haraka zaidi, maana wewe siku zote unatazama fremu. Lakini uliniandikia kwamba hata panya hajagusa. Miezi miwili nililala nikiiona ile picha juu ya kabati. Nilikuwa nauacha uso uende zake, nikijua upo mahali. Ungeniambia mwezi wa pili ningeshika kilichobaki kwa meno. Sasa hata sikio limekwenda.

Na Lena. Siku aliponisomea barua yako ya Aprili hakubadilisha sauti, alisoma hadi mwisho kama anasoma Warumi. Kisha akakunja karatasi. Akasema, "Kila Krismasi nilikuwa napika kwa watu wanne. Mume wangu alikuwa ananiuliza, wa nne nani? Nilikuwa najiambia labda mwaka huu Cyril atamleta."

Nikamwambia, "Kwa nini hukusema?"

Akaniambia, "Kwa nini hukusema wewe?"

Wazee wawili wapumbavu. Miaka thelathini na moja tulikuwa tunamficha mtu aliyewekewa sahani mezani. Tulijisifu tuna ndugu wa kuchagua, tuna funguo, tuna kiapo. Kiapo chetu kilikuwa cha kusaidiana kufutika.

Kuhusu ufunguo wako. Ninao, uko ndani ya Biblia ya Lena. Sitaurudisha, wala sitampa mtu. Ukifa hakuna atakayefagia. Randall akukute. Akukute na magauni yako kumi na moja na kila kitu. Wewe hukuniachia hata sikio, mimi nitakuachia kila kitu mahali pake.

Cyril


Salt River
28 Septemba 2003

Cyril mdogo wangu, hata kama hutaki kuwa,

Salamu. Usiponiuliza hali nitakwambia mwenyewe: nakohoa, nimekonda, gauni la bluu la mwaka sabini na sita limenienea tena. Kila ugonjwa una zawadi yake. Nawe pokea pole yangu, na usinijibu kwamba huitaki.

Maneno yako niliyasoma jikoni, kisha nikatoka kwenda kumtukana jirani, na tusi likanikosa. Ndipo nilipojua yamefika.

Uongo ule, nisikilize. Nilikuwa nimeshika kalamu kukwambia kweli. Nikakuona umelala huko na mguu wako, ukingoja picha, nikasema nimwachie wiki moja ya furaha. Wiki ikazaa wiki. Sikukuhurumia wewe peke yako, nilijihurumia mimi. Nilitaka mtu mmoja tu aendelee kuniita dada.

Kuhusu adhabu yako. Siku tatu niliogopa sana. Nilitoa sanduku, nikaliweka karibu na pipa, nikatafuta kiberiti. Kisha nikafungua picha ya juu, alikuwa Gertie ufukweni, na nikagundua kwamba nikifa hakuna mtu hata mmoja atakayejua yule ni Gertie. Mama yake alimnyima jina kaburini, na mimi nilikuwa karibu kumnyima karatasini.

Basi nimekaa mezani wiki nzima, naandika majina nyuma ya picha. Gertie, ufukweni, alikuwa amemwibia mama yake kofia. Toffie na bendi. Neels akilia kwa kuwa ameshindwa mashindano ya ulimbwende na mtu mwenye magoti mabaya kuliko yake. Magauni nimeyatundika ukumbini, kila moja na kikaratasi: nani alishona, nani alivaa, nani alimwaga mvinyo. Hati mbaya, unaijua, lakini inasomeka. Henry nimemwandika nyuma ya fremu tupu, kwa maneno tu: pua kubwa, jino la dhahabu upande wa kulia, nyusi zilizokutana, alicheka kabla mzaha haujaisha. Nilikuwa naye miaka mingi kama wewe, nilimtazama vizuri. Fremu iko juu ya kitanda changu. Ni yako.

Uliniambia nikutwe. Nimekubali. Acha Randall aingie, asome, ashike tumbo. Sitaki kufagiwa tena.

Wiki ijayo wananilaza wodini. Wanasema siku chache. Wanasema hivyo kwa kila mtu.

Dada yako mkubwa,
Ivor


Nje ya wodi
19 Novemba 2003

Dada Ivor,

Salamu nyingi na pole ya ugonjwa. Natumai wanakupa chai yenye moto na kwamba hujamfundisha nesi yeyote matusi.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi yako. Tumekuja na Lena kwa basi, mwendo wa saa saba barabarani, mguu umevimba kama mkate. Nesi aliniuliza, "Wewe ni ndugu yake?" Nilitaka kusema kaka. Tangu kiharusi ulimi wangu ukiharakishwa unakwama, nikababaika, likatoka neno rafiki. Akasema familia tu, na kwamba shemasi ameacha maagizo. Ila karatasi amekubali kuipeleka.

Asubuhi tulipita kwako. Nyumba yako ipo, kila kitu mahali pake, hata panya hajagusa. Magauni yametundikwa. Picha nimezisoma nyuma moja moja. Fremu nimeichukua, nimeshukuru. Ufunguo ulifungua bila shida.

Tumefikia kwa Wilfred. Pumzika.

Mdogo wako,
Cyril


Wodini
20 Novemba 2003

Cyril mdogo wangu,

Salamu. Mimi ni mzima kama mtu anayepumua kwa bomba.

Umenidanganya. Tena kwa maneno yangu mwenyewe, mwizi wewe. Hata panya hajagusa, neno hilo nililitunga mimi, mezani kwangu, mwezi wa pili, na najua linafunika nini.

Na hata usingeandika, Randall alikuwa hapa juzi. Aliniombea dakika arobaini. Koti lake lilinuka moshi, na kidole cha shahada kina lengelenge. Nikamuuliza ameungua wapi, akasema anko, mambo mengine ni ya kumwachia Mungu. Akaniambia pia amebadilisha kitasa cha mlango, kwa usalama. Kwa hiyo ufunguo wako, shoga yangu, haukufungua kitu. Ulisimama nje, na Lena akakushika mkono. Mliliona pipa uani. Naliona na mimi kutoka hapa.

Tumehangaika bure na viapo. Tulidhani familia ikifika kwanza itatuanika. Kumbe nayo hufagia, tena bila kufundishwa, na haitoi fremu kwanza.

Sikukasirikia uongo wako. Nimeusoma mara nne. Kwa siku moja magauni yalikuwa yametundikwa. Sasa najua ulivyolala ile miezi miwili ukiitazama picha, na najua kwa nini huwezi kunisamehe. Usinisamehe. Njoo tu ukae hapa uninunie kwa karibu.

Henry alikuwa na pua kubwa, jino la dhahabu upande wa kulia, nyusi zilizokutana, na alicheka kabla mzaha haujaisha. Mpe Lena aandike tena, mimi mkono umechoka.

Saa nane mchana wanafungua mlango. Leo ni nesi mwingine, mnene, ana huruma kidogo. Atakuuliza swali lile. Anza kufanya mazoezi sasa hivi hapo kwenye benchi, polepole, hadi ulimi ulizoee: kaka yake, kaka yake. Usirudie ujinga wetu wa kusema kweli.

Na ukikuta kitanda ni kitupu, panda kwanza ghorofa ya pili, uulize upande wa kushoto, kabla hujaanza kulia.

Kaka yako,
Ivor